Harufu Baada ya Tendo la Ndoa Si Uchafu, na Mume Naye Anahusika

Akina mama, akina dada, makungwi tunaowaheshimu, na ninyi akina baba mliochagua viti vya karibu na mlango: haya ninayoyasema leo nimekwisha kuyasema mara nyingi, na ninayarudia kwa sababu bado naona wanawake wakinunua sabuni kwa ajili ya ugonjwa usiotibiwa kwa sabuni. Harufu inayochomoza ukeni baada ya tendo la ndoa, ile inayofananishwa na shombo la samaki, kwa kawaida hutokana na kuvurugika kwa bakteria wa ukeni, hali ambayo kitabibu huitwa vajinosisi ya bakteria. Mwenye hali hiyo mara nyingi ni msafi kuliko wanaomsema, na pengine usafi wenyewe umezidi.

Uke wenye afya una uasidi, pH yake (kipimo ambacho namba ikishuka, asidi imezidi) ikiwa kati ya 3.8 na 4.5, na uasidi huo hutengenezwa na laktobasila, bakteria wa jamii ya wale wanaogandisha maziwa. Wanapopungua, bakteria wengine, akiwemo Gardnerella, hushika nafasi na kuzalisha kemikali ziitwazo amini, mojawapo ikiwa ndiyo hasa inayompa samaki shombo lake. Penye asidi, amini hutulia; penye alkali, yaani kinyume cha asidi, huruka hewani. Shahawa zina pH ya kati ya 7.2 na 8, hivyo zikiingia tu, harufu hutoka palepale, chumbani, mume akiwepo, na mke hushtakiwa kabla hajapewa nafasi ya kujitetea.

Najua yupo anayewaza kwamba shombo tunalikata kwa limau, basi na hapa limau litafaa. Samaki, dada yangu, amekwisha kufa: hana utando laini wa kuungua wala laktobasila wa kutunzwa. Na asiniambie mtu kwamba dini imeamuru kujichokonoa, maana josho la janaba ni kueneza maji mwilini kwa nje, wala halimtaki mtu apeleke sabuni ndani.

Alinijia bibi mmoja aliyekuwa ameolewa karibuni, akamimina mezani kwangu mfuko mzima: kipande cha shabu alichopewa na somo yake, kichupa cha marashi ya waridi, sabuni ya maji yenye picha ya ua, na paketi ya klotrimazoli iliyobaki vidonge viwili. Duka la dawa lilikuwa limemwambia ni fangasi, bila kumpima, kwani siku hizi mwanamke akitaja sehemu za siri huwa ana fangasi au UTI, hakuna la tatu. Fangasi huwasha na kutoa uchafu mweupe mzito, na kwa kawaida hawana harufu. Yeye hakuwashwa, na ute wake ulikuwa mwepesi wa kijivujivu. Nikagusisha karatasi ya pH kwenye ukuta wa uke, ikapita 4.5. Nikapaka ute kidogo kwenye kioo, nikadondoshea tone la potasi haidroksaidi ya asilimia 10, ambayo ni alkali, nikamwomba asogeze pua. Akarudi nyuma, akasema, "Ndiyo hiyo hiyo ya usiku, daktari." Tone lile lilikuwa limefanya kazi ya shahawa, mbele ya macho yake, juu ya kioo. Kwenye hadubini seli zilikuwa zimegandamwa na bakteria hadi kingo zake hazionekani. Vigezo hivi vilichapishwa mwaka 1983 wala havidai mashine ya mamilioni. Vinadai tu mtu wa kupima.

Tiba ni metronidazoli ya miligramu 500, mara mbili kwa siku kwa siku 7, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Flagyl, au krimu ya klindamisini ya asilimia 2 kila usiku kwa siku 7. Dozi imalizwe hata harufu ikiondoka mapema.

Sasa akina baba. Kwa miaka mingi tuliwatibu wake peke yao, na zaidi ya nusu yao walirudi ndani ya mwaka mmoja. Mwezi Machi 2025 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha utafiti ambamo kundi moja la waume lilimeza metronidazoli na kupaka klindamisini uumeni kwa siku 7. Ugonjwa uliwarudia wake zao asilimia 35 ndani ya wiki 12, ilhali miongoni mwa wale ambao waume hawakutibiwa ulirudi kwa asilimia 63. Anayemsema mkewe aje naye kliniki.

Muda umenitupa mkono, kwa hiyo mengine nayataja tu. Trikomonasi, ugonjwa wa vimelea, nayo hunuka na huambukizwa kwa ngono, hivyo wawili hutibiwa pamoja. Pamba iliyosahaulika ndani hutoa harufu ya kuoza. Mjamzito mwenye dalili hizi, na yeyote mwenye homa au maumivu ya tumbo la chini, asingoje.

Kuna karatasi imeletwa hapa ikiuliza kama inafaa kukutana wakati wa dozi. Jizuieni hadi imalizike. Anayetumia krimu ya klindamisini asiitegemee kondomu ya mpira hadi zipite siku 5 baada ya kuimaliza, kwa sababu mafuta yaliyomo huidhoofisha.