Rafiki mmoja, makoo mengi

KABULA: Mwadila, kaka Masanja.

MASANJA: Mwadila mhola, dada. Wasikilizaji, tupo Capri Point, hapa Mwanza, madirisha wazi, kwa hiyo mkisikia upepo wa ziwa unavuma kwenye kipaza sauti mtuvumilie. Leo tunamalizia ubishi tulioanza kwenye kivuko cha Kamanga. Tulishuka ng'ambo bado tunabishana.

KABULA: Ubishi wa Rafiki: nani amemcheza vizuri kuliko wote. Nawaeleza wasioufahamu. Kuna igizo la muziki, The Lion King, lilifunguliwa Broadway, mtaa wa kumbi za maigizo New York, Novemba 1997, chini ya mwongozaji Julie Taymor. Kwenye filamu ya katuni ya 1994, Rafiki alikuwa nyani dume, na sauti ilikuwa ya Robert Guillaume. Taymor akaona hadithi ile haina mwanamke mwenye uzito. Akamfanya Rafiki mwanamke, mganga kama sangoma wa Afrika Kusini. Sisi Wasukuma tungesema nfumu.

MASANJA: Na tangu hapo wanawake wengi wamepokezana nafasi hiyo, nchi baada ya nchi. Mimi msimamo wangu haujabadilika. Tsidii Le Loka, aliyekuwa wa kwanza pale Broadway, ndiye kipimo. Wengine wote nawasikiliza yeye akiwa bado sikioni.

KABULA: Ndiyo maana huwasikii.

MASANJA: Ngoja kwanza. Fikiria anachotakiwa kufanya. Taa zinazimwa, na sauti ya kwanza kabisa usiku ule ni yake. "Nants' ingonyama!" Hana wimbo wa kupashia koo mbele za watu, hana maneno ya kuanzia polepole. Akikosea pale, saa mbili na nusu zote zimeanza vibaya. Na kazi hiyo ni maonyesho manane kwa wiki! Sasa sikiliza santuri ya igizo, ya 1997. Tsidii anaitoa ile sauti kifuani, ina mkwaruzo kidogo pembeni, haijapigwa pasi. Ni mtu anamwita mwenzake aliye ng'ambo ya maji. Mvuvi wa Igombe anaijua sauti hiyo.

KABULA: Hapo sina ubishi. Lakini wewe unamsikiliza anayeita, mimi nasikiliza wanaoitika. Jukwaani Rafiki akishaita, wapo waimbaji wanaomjibu kutoka pembeni mwa ukumbi, halafu wanyama wanaanza kuingia, wengine wanapita katikati ya watazamaji, tembo, ndege, twiga wanatembea juu ya miguu ya mti. Wamekuja kwa sababu ameita. Kwa hiyo swali langu kwa kila Rafiki ni moja: ningekuwa mnyama, ningekuja?

MASANJA: Na nani anakutoa porini?

KABULA: Brown Lindiwe Mkhize. Anatoka Afrika Kusini, ameicheza nafasi hii London kwa miaka mingi. Vipande vyake ninavyovitazama, sisikii mtu anayeimba ili nimsifie sauti. Nasikia mama mwenye mji. Anaita kama anajua watakuja, hana haraka. Tsidii wako ananitisha, na kutisha ni kuzuri, nfumu lazima atishe kidogo. Ila Brown ananiita nyumbani.

MASANJA: Lakini London hawakuanza na yeye. Walipofungua pale ukumbi wa Lyceum 1999, Rafiki alikuwa Josette Bushell-Mingo, Mwingereza.

KABULA: Nilijua utamleta.

MASANJA: Lazima nimlete, kwa sababu wengi wanafikiri nafasi hii ni koo tu. Bushell-Mingo ni mwigizaji wa tamthilia hasa, na akateuliwa kuwania Olivier, tuzo ya maigizo ya London, kwa kazi ile. Tsidii naye alikuwa ameteuliwa kuwania Tony, tuzo ya Broadway. Njia mbili tofauti kabisa, mlango ni ule ule. Maana Rafiki pia anachekesha. Anarukaruka, anaongea maneno yenye vidoko vya Kixhosa, zile sauti za kugonga ulimi, na watu hawaelewi neno hata moja ila wanacheka. Muimbaji mkubwa asiyejua kuchekesha anapotea hapo.

KABULA: Hilo nalikubali bila kinyongo. Na inanigusa kwamba jina ni letu, Rafiki, Simba pia ni yetu, ila mwito ni wa Kizulu. Mtoto wa Nyamagana anaelewa majina yote halafu wimbo unampita. Hamburg nako, igizo limekuwepo tangu 2001, wanaongea Kijerumani, lakini mwito hawakuugusa, umebaki Kizulu. Na pale watazamaji huvuka mto Elbe kwa boti kwenda ukumbini.

MASANJA: Kumbe na wao wana Kamanga yao.

KABULA: Wanayo! Sasa kaka, twende kwenye maombolezo, maana ndipo tulipokorofishana kivukoni.

MASANJA: Hapo ndipo nina hoja yangu nzito. Mufasa, simba mfalme, amekufa, na Rafiki anaomboleza. Kile kipande, Rafiki Mourns, Tsidii alikitunga mwenyewe. Ni kilio chake. Buyi Zama ameimba, Tshidi Manye ameimba miaka na miaka Broadway, wote wanawake hodari, lakini wanalia kilio cha mwenzao. Utamlinganishaje mwenye kilio na aliyeazimwa?

KABULA: Nimelifikiria hilo wiki nzima. Bibi yangu kule Magu alikuwa na wimbo wake wa msibani, aliutunga alipofiwa na mdogo wake. Kila msiba wa ukoo aliuanzisha yeye. Alipofariki mwenyewe, usiku ule tulikaa, hakuna aliyethubutu. Kimya. Mpaka shangazi akauanzisha. Aliushusha chini, bibi alikuwa anaupandisha. Mahali bibi alipokuwa anavuta, yeye akakata, kwa sababu pumzi ilimwishia, alikuwa analia. Na hakuna mtu pale aliyesema shangazi ameukosea. Wazee waliitikia. Tangu siku hiyo naukumbuka wimbo kwa sauti mbili, na siwezi kutupa hata moja.

MASANJA: Pole, dada. Hukuniambia hiyo kivukoni.

KABULA: Kivukoni ulikuwa unaongea wewe.

MASANJA: Kweli. Basi nikuulize hivi. Unajua Bulabo, sherehe yetu ya ngoma pale Bujora, Kisesa, mwezi wa sita. Vikundi vya ngoma vya Bagika upande huu, vya Bagalu upande ule, wote wanacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Pale huwezi kusema "siwezi kutupa hata mmoja". Miguu yako inakupeleka kwa manju mmoja, kiongozi wa nyimbo, na yule mwingine anaona umeondoka.

KABULA: Nimeenda mara nyingi. Na nikwambie, miguu yangu haikai. Naanza kwa Bagalu, ngoma ya upande wa pili ikinivuta nahama, halafu narudi. Manju anajua hilo, ndiyo maana hachoki kuita. Angekuwa na uhakika na mimi, angeimba vile?

MASANJA: Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kusimama kwa Tsidii jioni na kwa Brown asubuhi.

KABULA: Anaweza. Ila kwa maombolezo, mimi bado nasubiri Rafiki atakayekata pumzi mahali alipokata shangazi.

MASANJA: Mimi mwanzo wa onyesho sitoki kwa Tsidii. Lakini hayo maombolezo nitayasikiliza upya leo usiku, ya Buyi Zama kwanza, na ya Tsidii nisiyaguse mpaka nimalize.

KABULA: Zima taa kwanza.