Jinsi ya kuboresha saspensheni ya Subaru Impreza kwa barabara ya kila siku na uwanja wa mbio

Karibuni watazamaji. Gari mnaloliona hapa ni Subaru Impreza WRX yenye namba ya chesisi ya GDA, ile iliyotengenezwa kati ya 2000 na 2007. Leo tunatoa shokapu na springi za kiwandani, tunafunga koilova, yaani shokapu na springi zilizounganishwa ambazo urefu wake unarekebishika, kisha tunapanga mlalo wa matairi, yaani alaimenti. Gari hili linakwenda kazini siku za wiki, na wikiendi linaingia uwanja wa mbio wa Whistling Morans kule Athi River. Wenye STI, yaani GDB, hatua ni hizi hizi, ila mnaponunua tajeni namba ya chesisi, msiseme tu "Impreza".

Kabla ya kushika spana tuzungumze ununuzi, maana hapa ndipo watu wengi wanapotupa pesa. Usinunue koilova kwa sababu inashusha gari sana, wala kwa sababu ni ngumu kuliko ya jirani. Kazi ya saspensheni ni moja: kulishikilia tairi chini, kwenye lami nzuri na kwenye mashimo. Tairi likiwa hewani halifungi breki wala halikati kona.

Chukua hesabu hii. Tuseme shokapu moja ya mbele inabeba kilo 360 za gari. Ukiweka springi ya kilo 6 kwa milimita, itabonyea milimita 60 gari likisimama. Ukiweka ya kilo 12, itabonyea 30 tu. Maana yake ni kwamba tairi likikuta shimo, kwenye springi ngumu lina milimita 30 tu za kushuka kabla springi haijalegea kabisa na tairi kuning'inia. Kwa barabara zetu, zenye viraka na matuta yasiyopakwa rangi, mimi nachagua kilo 6 hadi 7 mbele na 5 hadi 6 nyuma. Ukipita 8, gari litakuwa zuri uwanjani pekee, na mgongo wako utaisoma barabara nzima ya kwenda mjini.

Impreza ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na tena mwaka 2000 ikiwa na Richard Burns. Tazameni picha za magari yale: yamesimama juu, na saspensheni ina nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Sisi hatuendi porini, tutashusha gari kidogo, lakini nafasi hiyo ya kupanda na kushuka tuilinde.

Sasa vifaa. Jeki ya gereji, stendi nne, soketi ya 19 na ya 12, spana ya toki, yaani ile inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm (nyutoni-mita), nyundo, WD-40, brashi ya waya, futi ya chuma na kalamu ya rangi nyeupe. Jeki peke yake si ya kulalia chini. Bila stendi, funga kazi urudi siku nyingine.

Hatua ya kwanza, pima. Gari likiwa kwenye sakafu iliyonyooka, weka futi katikati ya rimu, upime kwenda juu hadi ukingo wa madigadi. Fanya hivyo kwa matairi yote manne na uandike. Usipimie kutoka chini, kwa sababu upepo wa tairi utakudanganya.

Hatua ya pili, legeza nati za matairi kidogo, kisha inua gari. Mbele weka jeki kwenye sahani ya chuma iliyo nyuma ya injini, nyuma weka chini ya difu. Stendi zikae kwenye ukingo ulioimarishwa chini ya milango. Lisukume gari kwa mkono. Likitikisika, shusha upange upya. Toa matairi.

Hatua ya tatu, na hapa kamera isogee karibu. Shokapu ya mbele imeshikwa na bolti mbili kubwa kwenye nako, yaani kile chuma kinachobeba habu. Angalia bolti ya juu: kichwa chake kina alama za mistari, na mwili wake haukukaa katikati. Hiyo ndiyo bolti ya kemba. Ukiizungusha, tairi linalala ndani au nje. Kabla hujaigusa, chora mstari mweupe kutoka kwenye kichwa chake hadi kwenye chuma cha shokapu. Mstari huo utakuwezesha kuendesha gari salama hadi kwa fundi wa alaimenti.

Puliza WD-40 kwenye bolti, subiri. Fungua kishikizo cha bomba la breki kwenye shokapu, na waya wa ABS. Usifungue bomba lenyewe, hatutaki hewa kwenye breki. Sasa shika kichwa cha bolti kisizunguke, ulegeze nati upande wa pili. Gari lililozeeka Mombasa au Dar litakusumbua hapa, chumvi ya bahari imeshakula. Brashi ya waya kwanza, nguvu baadaye.

Kabla ya kuchomoa bolti ya mwisho, funga nako kwa kamba kwenye bodi. Ikiachiwa iangukie nje, inavuta bomba la breki, na ekseli inaweza kuchomoka kwenye jointi ya ndani. Kazi ya saa moja inageuka ya siku nzima.

Fungua boneti. Utaona nati tatu ndogo zimezunguka kichwa cha shokapu. Hizo ndizo unazofungua. Ile nati kubwa ya katikati USIIGUSE. Inashikilia springi iliyobanwa kwa nguvu kubwa, na ikifunguka bila kibanio inaweza kukuua. Kwa kuwa koilova inakuja kamili na kichwa chake, hatuna sababu yoyote ya kuifungua. Mwenzako ashike shokapu kwa chini, wewe utoe nati ya mwisho, ishuke taratibu.

Hatua ya nne, kufunga koilova. Hapa kuna jambo wauzaji wengi hawalielezi. Koilova nzuri ina pete mbili za kurekebisha. Ile inayokaa chini ya springi ni ya kuikaza springi isicheze. Ile ya kwenye mguu wa chini ndiyo ya urefu wa gari. Kaza springi mpaka isizunguke kwa mkono, ongeza milimita mbili au tatu, funga pete ya kufuli. Basi. Urefu urekebishe kwa mguu wa chini. Anayeshusha gari kwa kulegeza springi ananyang'anya shokapu nafasi ya kupanda, na ndiyo maana gari lake linagonga kwenye kila tuta.

Ingiza koilova juu, rudisha zile nati tatu, usikaze bado. Ingiza nako, bolti ya kemba juu na ya kawaida chini, ulinganishe na mstari wako mweupe. Sasa kaza kwa toki: bolti za nako mbele Nm 175, nati za juu Nm 20. Zile ndogo za juu zinakatika kirahisi, usitumie bomba la kuongezea nguvu. Rudisha kishikizo cha bomba la breki na waya wa ABS. Geuza usukani kulia mwisho na kushoto mwisho, uangalie bomba halivutwi wala haligusi springi.

Nyuma ni kazi ile ile, ila kwenye gari la saluni, yaani lenye buti, unatoa kiti cha nyuma ili kufikia nati za juu. Bolti za chini nyuma Nm 200.

Hatua ya tano, urefu. Rudisha matairi, shusha gari, kaza nati za matairi kwa msalaba, Nm 100. Lisogeze mbele na nyuma mita kadhaa ili saspensheni ikae. Pima tena kutoka katikati ya rimu. Lengo letu ni kushuka milimita 20 hadi 25, si zaidi. Chungulia chini ya gari utazame mkono wa chini wa mbele, yaani chuma kinachounganisha nako na bodi: upande wa tairi unapaswa kuwa chini kuliko upande wa bodi, au angalau mkono ulale sawa. Ukiwa umepanda kuelekea tairi, umeshusha kupita kiasi. Gari litalala zaidi kwenye kona kuliko lilivyokuwa na springi za kiwandani, na hapo hata koilova ya bei gani haitakusaidia.

Hatua ya sita, alaimenti. Hapa usibane pesa. Mwambie fundi namba hizi: kemba ya mbele hasi digrii 2, ya nyuma hasi 1.5, na too sifuri pande zote. Kemba hasi ni juu ya tairi kulala ndani; too ni mbele ya matairi kuelekea ndani au nje. Kemba kidogo hasi haili tairi kwa kasi kama watu wanavyoogopa. Kinachokula tairi ni too iliyopinda, tairi linaburuzwa kila kilomita. Fundi apange kemba kwanza, too mwisho, kwa sababu kemba ikisogea too nayo inasogea.

Impreza injini yake imekaa mbele ya ekseli, kwa hiyo kwenye kona pua hupenda kwenda moja kwa moja. Kama bado inakusumbua, badilisha stabilaiza ya nyuma, ile fito ya chuma inayozuia gari kulala kwenye kona, kabla ya kuongeza ugumu wa springi. Kutoka milimita 20 hadi 22 inaonekana ndogo, lakini kwa chuma kisicho na tundu ugumu unaongezeka kwa karibu asilimia 46. Usiruke zaidi ya hapo kwa mara moja, siku ya mvua nyuma itakuhama.

Ugumu wa shokapu sasa. Zungusha kitufe cha juu kulia mpaka mwisho, taratibu, halafu rudi kushoto ukihesabu milio. Barabarani anzia katikati. Uwanjani ongeza ugumu kwa milio miwili au mitatu, endesha mizunguko michache, usikilize. Gari likirukaruka kwenye lami mbovu, umezidisha.

Uwanjani pima upepo matairi yakiwa ya moto, ukitoka tu, maana unapanda psi kadhaa kutokana na joto. Ukiwa na kipimajoto, pima tairi la mbele ndani, katikati na nje. Nje kukiwa na joto zaidi, ongeza kemba hasi. Katikati kukizidi, punguza upepo.

Kabla ya kuondoka gereji, chora mstari mweupe kwenye kila nati na bolti tuliyokaza leo, upite hadi kwenye chuma cha jirani. Baada ya kilomita 100 hivi, na tena kila unapotoka uwanjani, inama uitazame. Mstari uliokatika unamaanisha nati imegeuka: toa toki, ikaze, ndipo uwashe gari.