Kumwandika Mbawakawa Asiye na Jina

Walimu wangu, wanafunzi, na nyote mliokuja na joto hili la Mombasa, ahsanteni.

Unga ukikaa sana kabatini, utawakuta humo wadudu wadogo wa rangi ya kahawia nyekundu, wa milimita tatu au nne hivi. Huyo ni Tribolium castaneum, wa familia ya Tenebrionidae. Familia hiyo ina spishi zaidi ya 20,000 zenye majina, nyingi zikiwa mbawakawa weusi wanaopenda kujificha chini ya magogo na mawe.

Sasa tuseme umeinua gogo kule vilima vya Shimba, Kwale, ukiwa na vibali vyako vyote, ukaona mmoja ambaye hujapata kuona mfano wake popote. Wengi watasema umegundua spishi mpya. Mimi nasema umeokota mdudu. Spishi inaingia katika elimu siku maelezo yake yanapochapishwa, tena yawe wazi hata mtu usiyemjua, akiwa Dodoma au Berlin, aweze kusema: ndiye, au siye.

Anza na miguu. Hesabu pingili za nyayo: mbele tano, katikati tano, nyuma nne. Tazama papasi: mashina yake yamefunikwa na ukingo wa kichwa. Hapo umeijua familia tu. Kazi yenyewe iko mbele: umbo la ngao ya kifua, vitobo na mistari ya mabawa magumu, na kama mabawa hayo yameungana, maana wako wengi wasioruka kabisa. Kisha dume hufunguliwa, kiungo chake cha uzazi kikatolewa taratibu na kuchorwa. Wawili wanaofanana nje kama mapacha mara nyingi hutofautiana hapo, na mvivu wa hatua hii huwaachia wenzake taabu ya miaka.

Halafu unalinganisha na vielelezo vya zamani. Hapa moyo wangu unauma. Wadudu wengi waliokusanywa kwetu zama za ukoloni wamo katika makumbusho ya London, Berlin na Tervuren kule Ubelgiji. Kijana wa Kwale anaomba picha ng'ambo ili amjue mdudu wa kwao!

Ndiyo maana nasisitiza holotipu, yaani kile kielelezo kimoja kinachobeba jina. Kwa majina yaliyochapishwa baada ya 1999, kanuni za kimataifa zinataka holotipu itajwe waziwazi, pamoja na mahali inapohifadhiwa. Nawaomba mahali hapo pawe Makumbusho ya Taifa, Nairobi, ambako mwanafunzi wetu anafika kwa basi au treni.

Majina ya jenasi, yaani ile sehemu ya kwanza ya jina inayotaja kundi la mdudu, huhama. Yule mdudu wa unga, Herbst, mtaalamu wa Kijerumani, alimwita Colydium castaneum mwaka 1797. Leo yuko Tribolium. Sehemu ya pili imebaki, kwa sababu wa kwanza kutoa jina ndiye anayefuatwa. Kwa hiyo kabla hujatoa jina, soma maandishi ya nyuma yote, hata ya Kijerumani na Kilatini. Utachoka, lakini usipofanya hivyo utamzidishia mdudu majina.

Na lebo! Mahali, mwinuko, tarehe, aliyekusanya, alikutwa wapi: chini ya gome, mchangani, kwenye uyoga. Mdudu asiye na lebo siwezi kumtetea mbele ya mtu.

Darubini ziko pale mezani. Anayetaka kuhesabu pingili mwenyewe, aje.