Usiniulize mtaa gani ni salama, niulize njia ya kutoka stesheni mpaka mlangoni

Haya jamani, habari za huko mliko, karibuni tena. Leo naenda moja kwa moja maana inbox yangu imejaa swali moja tu, kila aliyepata viza, sijui kazi, sijui chuo, ananiandikia dada nahamia jiji fulani, nipange mtaa gani ambao ni salama na naweza kutembea kwa miguu bila gari. Nikikujibu kwa jina la mtaa nitakuwa nakudanganya.

Jina la mtaa ni kitu kikubwa mno. Ndani ya mtaa mmoja kuna barabara ina familia, watoto wako kwenye baiskeli, wazee wamekaa kwenye mabenchi, alafu ukikata kona mbili unakutana na ukuta mrefu wa bohari, hauna hata dirisha, na taa moja inawaka na kuzima. Kwenye tangazo zote hizo zinaitwa jina moja na kodi inakaribiana. Sasa wewe hutaishi mtaa mzima, wewe utaishi nyumba moja na utapita njia moja, nyumbani kwenda stesheni, stesheni kurudi nyumbani, asubuhi ukiwa na haraka na usiku ukiwa umechoka, mikono imejaa mifuko na simu inakaribia kuzima. Hiyo njia ndo mtaa wako. Mtu akinitumia tangazo la nyumba nimsaidie, picha za jikoni naziruka, naanza kuangalia kati ya mlango na usafiri kuna nini.

Na unaweza kuipima ukiwa bado hujapanda hata ndege. Fungua Google Maps, weka anwani ya nyumba na stesheni, chagua alama ya mtu anayetembea. Mtu mwenye mwendo wa kawaida anakwenda kama mita 80 kwa dakika, kwa hiyo mita 400 ni dakika tano, mita 800 ni dakika kumi. Dalali akikuandikia dakika tano kutoka stesheni na ramani inasema kilomita moja na nusu, ujue yeye alikuwa anahesabu za gari. Alafu usipime kwa kunyoosha kidole juu ya ramani, fuata njia yenyewe inavyopita, maana kuna mitaa imejengwa barabara zote zinaishia ukutani, nyumba yako na supamaketi zimepeana migongo kabisa, unaona mpaka taa zake dirishani, lakini katikati kuna fensi na kuifikia ni lazima uzunguke robo saa.

Marekani ndo utaliona hili vizuri. Portland kule Oregon bloku moja, yaani kipande cha barabara kutoka kona mpaka kona, ni kama mita 60 tu, kila ukitembea kidogo una kona, Salt Lake City bloku moja ni kama mita 200 na barabara zake ni pana kweli kweli, kwa hiyo mtu akikwambia ni bloku tatu tu, muulize kwanza za mji gani. Na hii inagusa usalama moja kwa moja, kwenye bloku fupi ukiona mbele kuna kikundi roho yako haijakipenda unakata kona mapema bila hata kuonekana umekwepa, kwenye bloku ndefu umeshaingia umeingia, ni kupita au kurudi ulikotoka.

Ukishaijua njia, shuka sasa Street View, zile picha za barabarani zilizomo ndani ya Google Maps, uitembee yote, na usirukeruke. Cha kwanza angalia tarehe ya picha, maana unaweza kuwa unausifia mtaa wa miaka kumi nyuma, na kwa kompyuta sehemu nyingi unaweza kurudisha picha za zamani ukalinganisha, ukaona duka lililokuwa wazi sasa limepigwa mbao, au kinyume chake, jengo lililokuwa gofu sasa lina watu na maua dirishani. Angalia chini kwenye majengo, kule usawa wa macho, kuna milango na madirisha na biashara, au ni ukuta na geti za magari tu? Kibaka hapendi mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuchungulia. Tafuta mwanamke anayetembea peke yake, tafuta kigari cha mtoto, tafuta mtu mwenye kiti cha magurudumu, kama huwaoni hata mmoja kwenye njia nzima mchana kweupe, jiulize wako wapi. Kingine ambacho mimi nakipenda sana, angalia majani pembeni ya barabara. Ukiona barabara kubwa haina njia ya waenda kwa miguu lakini kwenye majani kuna kijia kimekanyagwa mpaka udongo umetoka, hapo umeshajibiwa. Watu wa pale hawana gari, wanatembea kila siku, na anayepanga mji ameamua hawaoni. Na wewe utaungana nao, mvua ikinyesha utakuwa kwenye hilo tope.

Shida ya Street View ni kwamba picha zake ni za mchana. Na huku majira ya baridi mchana ni mfupi jamani, watu hawaelewi mpaka wafike. Desemba London jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, Stockholm hata saa tisa haifiki. Kwa hiyo ile kauli ya mimi sio mtu wa kutembea usiku, isahau, utatoka darasani au kazini na nje ni giza totoro na hujafanya kosa lolote. Ndo maana mimi natafuta nguzo za taa kwenye zile picha, nazihesabu kabisa, na naangalia ziko upande gani, maana kuna barabara taa zote zinamulika magari na pembeni pale unapopita wewe kuna mstari wa miti unakula mwanga wote. Na kama kuna uchochoro, au njia ya chini ya reli, au bustani ya kukatiza, tafuta ya kuzunguka na upime dakika za kuzunguka, kwa sababu hizo ndo dakika zako halisi za usiku. Stesheni nyingi pia zina milango zaidi ya mmoja, mmoja umetokea kwenye maduka na mwingine nyuma kwenye maegesho, na unaweza kukuta mmoja unafungwa mapema. Nyumba mbili ziko umbali uleule kutoka stesheni ileile, moja imeangalia mlango wa mbele na moja wa nyuma, hizo kwangu sio sawa hata kidogo.

Mnaofanya kazi za shifti mnisikilize hapa. Ratiba ya usiku ya usafiri iangalie kabla ya kusaini chochote. New York treni za chini zinatembea saa 24. London zipo za usiku kucha ila ni Ijumaa na Jumamosi, na kwa laini chache tu, siku nyingine ni mabasi ya usiku. Berlin treni za chini zinakesha wikendi, katikati ya wiki unapanda basi. Basi la usiku linaweza kukushusha barabara tofauti kabisa na stesheni yako ya mchana, maana yake una njia ya pili ya kuikagua.

Sasa twende kwenye takwimu za uhalifu, maana najua wengi mmeshaanza kuzigoogle na kuogopa. Uingereza polisi wana ramani yao kwenye tovuti ya police.uk, unaingiza postikodi unaona matukio ya kila mwezi. Ni nzuri, lakini uielewe, ile doa kwenye ramani sio mlango wa mtu, matukio yanasogezwa kwenye pointi za karibu ili kulinda faragha, kwa hiyo unaona rundo la uhalifu mbele ya nyumba unayoitaka kumbe ni wizi wa bidhaa kwenye supamaketi ya jirani. Fungua aina za makosa. Wizi wa baiskeli utakuuma mfuko, kukabwa ni habari nyingine. Na usilinganishe maeneo kwa namba za juu juu, Westminster pale katikati ya London kila mwaka inaonekana inatisha, ila pale ndo kwenye majumba ya sinema, klabu, maduka na watalii wote wa dunia, matukio yanayowapata wageni yanagawanywa kwa idadi ya wakazi, unategemea nini?

Marekani ukimuuliza dalali hapa ni salama au sio salama atakukwepa, atakwambia angalia tovuti ya polisi. Hajakudharau. Kuna sheria ya makazi ya mwaka 1968 inayokataza ubaguzi, na dalali anaogopa kuonekana anawasukuma watu wa rangi fulani mtaa fulani. Na tukifika hapo niseme tu. Ukienda kwenye magrupu ukauliza mtaa mbaya ni upi utapewa majina haraka sana, na mara nyingi wanachomaanisha ni kwamba pale kuna weusi wengi, au Waislamu, au wahamiaji. Yaani wewe mwenyewe ukishahamia pale unakuwa sehemu ya ubaya wa mtaa! Kuna mitaa ya hivyo ambayo mpaka saa nne usiku kuna watu nje, vinyozi wazi, mama anapita na hijabu yake na hakuna anayegeuka. Alafu kuna ushuani kule, majumba makubwa, nyasi zimenyolewa, njia ya miguu hakuna, ukitembea dakika ishirini hukutani na binadamu, na wa kwanza kukuona atachungulia pazia na pengine atapiga simu kuuliza huyu anatafuta nini. Mimi sitaki mtaa ambao mwenye miguu ndo mtuhumiwa.

Kitu ambacho watu hawakiulizi kabisa ni magari, wakati ndo yanayoua. Marekani mwaka 2022 peke yake waenda kwa miguu zaidi ya 7,000 waliuawa na magari, na kama robo tatu ya vifo hivyo vinatokea gizani. Kwa upande mwingine Helsinki ilimaliza mwaka mzima mpaka Julai 2025 bila mtu hata mmoja kufa kwa ajali ya barabarani jijini, dereva wala mtembea kwa miguu, na zaidi ya nusu ya mitaa yao spidi ya mwisho ni kilomita 30 kwa saa. Kwa hiyo kwenye njia yako tafuta kibao cha spidi. 30, au 20 kwa wanaotumia maili, hapo pumua. Kisha hesabu leni unazovuka. Mimi hapa karibu na kwangu kuna barabara ya leni sita, taa ya kuvuka inawaka kijani, ukifika katikati ishaanza kupepesa, kuna mama mmoja ana mkongojo yeye huvuka kwa awamu, nusu ya kwanza, anasimama kwenye kile kisiwa cha katikati na magari yanapita mbele na nyuma yake, anasubiri taa izunguke tena, ndo amalizie. Kisiwa kile ni kipana kama meza. Kama una mtoto mdogo, au una mzazi utakuja kumleta baadaye, vuka hiyo barabara kwa macho yake kabla hujalipa kodi.

Kuna tovuti ya Walk Score, kwa miji ya Marekani, Kanada na Australia inakupa alama mpaka 100, na kuanzia 90 wanasema huhitaji gari kwa shughuli zako za kila siku. Itumie kuchuja orodha ndefu, basi. Yenyewe inapima huduma ziko umbali gani, haijui kama taa inawaka wala kama kuna mtu anakufuata. Na lile wazo la mji wa dakika 15 la profesa Carlos Moreno, yaani mahitaji yako ya kila siku uyafikie ndani ya robo saa kwa miguu au baiskeli, ambalo meya wa wakati huo Anne Hidalgo alilibeba kwenye kampeni yake Paris 2020, mimi nalitumia kwa uchoyo tu: famasi, daktari, chakula, shule kama una watoto, je nafika bila kuvuka barabara kuu? Nikifika, mengine nitayapandia basi.

Hela ya depoziti usitume kwa nyumba ambayo wewe au mtu unayemwamini hajaingia ndani. Sirudii, matapeli wanaishi kwa wageni. Ukiweza fikia chumba cha muda mwezi wa kwanza, alafu nenda ukaitembee ile njia Jumanne usiku na Ijumaa usiku, ni watu tofauti kabisa wanaokuwa nje. Ukimkuta jirani anatupa taka au anatembeza mbwa, usimuulize kama ni salama, kila mtu atasema ndio. Muulize huwa anapita wapi akirudi usiku. Akianza kueleza, mara usipite pale, zungukia huku kwenye maduka, hapo unapata ramani ambayo Google hawana.

Wiki ijayo nachukua njia tatu za kwenu nizitembee kwenye skrini moja kwa moja. Andika kwenye komenti jiji, stesheni au kituo cha basi, na muda unaotegemea kurudi nyumbani usiku. Namba ya nyumba usiweke hadharani jamani, jina la barabara linatosha.