Pikipiki Ikisimama Kwenye Udongo Laini: Mhadhara kwa Madereva wa Bodaboda wa Ifakara

Ndugu mwenyekiti wa kijiwe, ndugu madereva, na mama zangu mnaouza chakula hapa, habari za mchana. Nawashukuru kwa kuacha abiria na kuja kunisikiliza. Semina za kofia ngumu, leseni na mwendo mmeshazipata, na zina umuhimu wake. Leo nimekuja kuzungumzia pikipiki iliyozimwa, imeegeshwa, na dereva wake yuko mbali anakunywa chai. Hapo nako inaangukia watoto, inamwaga mafuta, na inawatia hasara ninyi mnaoendesha kwa mkataba na kudaiwa hesabu kila jioni.

Sisi tunaishi bondeni. Udongo wa Kilombero umeletwa na mito, unashika maji, ndiyo maana mpunga unatukubali. Njia ya shambani iliyopitisha lori mwezi wa Oktoba, ikifika Aprili baiskeli inasukumwa. Wenzetu wa Shinyanga na Simiyu wana ule udongo mweusi wa mbuga, kiangazi unapasuka nyufa, mvua ikinyesha unanasa kila kitu. Huko pwani kuna mchanga mkavu ambao punje zake hazishikani. Hata lami inalainika jua likiwa kali, na stendi ya pikipiki, ule mguu wa chuma unaoisimamisha, inaacha shimo.

Sasa tupige hesabu kidogo. Pikipiki ya Boxer au TVS HLX ina zaidi ya kilo 100 kabla hujapakia kitu. Ukiilaza kwenye stendi ndogo, ile ya pembeni, uzito mwingi unabaki kwenye matairi, lakini tuseme kilo 30 zinaenda kwenye stendi. Mguu wa stendi una ukubwa gani? Mara nyingi haufiki sentimita 4 kwa 3, yaani sentimita za mraba 12. Kila sentimita moja ya mraba inabeba kilo 2 na nusu. Mwanamke aliyevaa kiatu cha kisigino kirefu akikanyaga mchanga anazama, ingawa ni mwepesi kuliko mumewe aliyevaa makubadhi. Lakini weka chini ya stendi kibao cha sentimita 12 kwa 12. Eneo limekuwa 144, na zile kilo 30 zimegawanyika hadi takriban gramu 200 kwa kila sentimita ya mraba. Uzito ni uleule, udongo ni uleule, pikipiki haizami.

Kuna jambo ambalo wengi hawalioni. Stendi ikizama kidogo, pikipiki inalala zaidi upande wa kushoto. Ikilala zaidi, uzito unaoegemea stendi unaongezeka. Ukiongezeka, inazama tena, na sasa kwa kasi zaidi. Ndiyo maana unaiacha imesimama vizuri kabisa, dakika kumi baadaye unasikia kishindo, halafu unatafuta mtoto wa kumsingizia. Aliyeiangusha ni udongo. Kwa hiyo usiipime ardhi kwa dakika ile unayoshuka. Ipime kwa muda wote ambao pikipiki itakaa pale. Unaingia hospitalini kumwona mgonjwa na wingu limetanda? Udongo mkavu wa sasa hivi sio utakaoukuta ukitoka.

Namna ya kupima ni rahisi. Simama kwa kisigino kimoja, weka uzito wako wote, zungusha mguu kidogo. Mgandamizo wa kisigino chako unakaribiana na ule wa stendi. Kikiacha shimo, tafuta kwingine au weka kibao. Ukishaegesha, geuza usukani kushoto, legeza mikono taratibu, na usiondoke papo hapo. Angalia mguu wa stendi. Kama bado unashuka, bado hujaegesha.

Najua mtasema, si tuna stendi kubwa, ile ya katikati yenye miguu miwili? Kwenye sakafu au ardhi ngumu iliyo sawa, naikubali, hasa wakati wa kupakia. Kwenye tope naiogopa. Pale tairi la nyuma limenyanyuka, uzito wake wote umehamia kwenye vimiguu viwili vyembamba, na udongo haulingani kulia na kushoto. Kimoja kikitangulia kuzama, pikipiki inaweza kwenda upande wowote, hata ule uliosimama wewe. Ukilazimika kuitumia, laza ubao mmoja mrefu chini ya miguu yote miwili ili ishuke pamoja.

Mahali panaponiumiza roho zaidi ni bombani. Dumu la lita 20 ni kilo 20 za maji. Manne ni kilo 80, karibu pikipiki nyingine nzima, na yanapakiwa mahali ambapo ardhi hailoi kwa mvua tu, inaloa kila siku kwa maji yanayomwagika. Watoto wamejipanga na ndoo pembeni. Tafadhalini, sogezeni pikipiki hadi pakavu, mbebe madumu kwa mikono hizo hatua chache. Mwenzako ashike usukani, nawe pakia kulia na kushoto kwa zamu.

Kibao hakina gharama. Ubao mnene unatosha, au bati zito. Toboa tundu, funga kamba ndefu, ili ukiwa umekaa kwenye siti uvute na kukirudisha bila kuinama. Wengine wanampelekea fundi wa kuchomelea aongeze bati pana kwenye mguu wa stendi. Ni vizuri, ila lisiwe nene sana: pikipiki itasimama wima mno na kuangukia kulia. Na hakikisha stendi ikikunjwa bati halikwaruzi chini unapokata kona ya kushoto.

Kwenye mwinuko, elekeza tairi la mbele juu na uache gia ya kwanza imeingia, maana pikipiki haina breki ya kuegeshea kama gari. Ukiwa na mpira wa kufungia mzigo, banisha mkono wa breki ya mbele.

Ikianguka, zima swichi kwanza, funga koki ya mafuta, fukuza wenye sigara. Watoto wakae mbali na ekzosi, kwa kuwa inaunguza hata injini ikiwa imezimwa. Ikiwa imelalia kushoto, ufungue stendi kabla ya kuinua? Hapana, stendi ya pembeni iko hukohuko kushoto, haikusaidii. Itisha mtu wa pili, mnyanyue kwa miguu, si kwa mgongo. Kisha kagua mkono wa klachi na pedeli ya gia, ndivyo vinavyopinda kwanza. Usiwashe palepale, acha mafuta yaliyomwagika yakauke.

Mwenyekiti ameandaa Boxer moja, madumu manne na vibao vitatu pale nyuma, kwenye tope. Twendeni tukajaribu, maswali nitayajibu hukohuko.