Umeme Ukishaingia, Utatokea Wapi?

Asanteni. Kadi hii ya kunasa data niliyoishika haisomi chochote tena. Ilikuwa inapima kuanzia volti hasi 10 hadi chanya 10, na niliiua mwenyewe. Nilitaka kufuatilia rilei ya volti 24, yaani swichi inayovutwa na koili, nikaigawanya volti hiyo kwa tatu, nikapata volti 8. Multimita ikakubali, nikaridhika. Transista inayoiwasha na kuizima rilei ilipokata mkondo, koili ikagoma: ikarusha mamia ya volti kufumba na kufumbua. Multimita haikuona kitu. Chipu iliona.

Wengi hapo hukimbilia fyuzi. Fyuzi hukatika kwa joto, na joto linataka muda. Chipu itakufa kwanza, fyuzi ibaki nzima.

Neno lenyewe, mkondo, tumelichukua kwa maji, basi ufikirieni kama maji. Usipouchimbia mfereji, utajitobolea wenyewe ndani ya chipu. Kwa hiyo tunaanza na rezista mlangoni, pale volti inayopimwa inapoingia kadini, ya kilo-omu 10 tuseme. Zikija volti 100, mkondo hauzidi miliampia 10. Nyuma yake diodi mbili, zinazopitisha mkondo upande mmoja tu: moja ya kuelekea reli chanya, yaani njia inayoilisha kadi umeme, nyingine reli hasi. Hesabuni na joto pia: volti 100 kwenye kilo-omu 10 ni wati 1. Rezista ya robo wati itahimili mshtuko mfupi wa koili, ila hitilafu ikidumu itaungua.

Wachoraji wengi wa saketi huishia hapo. Mimi nauliza: mkondo umefika kwenye reli, halafu? Regyuleta, zile zinazoshikilia volti ya reli isiyumbe, nyingi zinajua kutoa mkondo tu, kuupokea hazijui. Kadi ikiwa inatumia umeme kidogo, volti ya reli itapanda, na hapo hauungui mlango mmoja, zinaungua chipu zote zinazokula kwenye reli ile. Weka diodi ya zena, inayofunguka volti ikizidi kiwango chake, kati ya reli na ardhi, mkondo upate pa kumwagikia.

Naam, swali la kule nyuma: je, haya hayaharibu kipimo? Yanaharibu, kidogo. Diodi huvuja. Nanoampia 25 zikipita kwenye kilo-omu 10, kosa ni robo milivolti. Kadi ya biti 16 yenye upana wa volti 20 ina hatua, yaani tofauti ndogo kabisa inayoweza kuisoma, ya takriban milivolti 0.3, kwa hiyo tunakaribia hatua moja nzima. Joto likipanda, uvujaji nao hupanda. Ndiyo maana diodi za Schottky, zinazovuja zaidi, sizipendi hapa, ingawa hufunguka mapema.

Halafu msisahau kadi iliyozimwa. Kifaa kinachopimwa kikiwa kimewashwa, umeme hupenya kwenye diodi zile na kuiamsha kadi nusunusu. Washeni kadi kwanza, izimeni mwisho. Siku mtakayosahau, rezista itapunguza madhara.

Sasa sogeeni mezani. Rilei ni ile ile, kadi ni nyingine, na safari hii koili nimeifungia diodi sambamba.