Hanesi ya kupandia miti: ning'inia kwanza, hela baadaye

Mambo vipi wadau, karibuni tena, leo niko gereji hapa Bristol, Uingereza, maana nje kuna upepo wa kufa mtu na siku kama hii hakuna anayepanda mti. Nimetundika kamba hapo juu kwenye boriti, mnaiona, na leo tunaongea hanesi, hii mikanda ninayovaa kwenye kazi yangu ya kupanda na kukata miti. Kuna ndugu zangu kadhaa huko Muheza na Tanga mjini mmekuwa mnauliza, we unakaaje juu ya mti kutwa nzima bila kuchoka?

Jibu fupi: nachoka. Ila unachokaje, hapo ndo hanesi inapoingia.

Kwetu mnazi unakatwa vidato, mkwezi anapanda, anaangua, anashuka, muda si muda yuko chini anahesabu nazi. Huku mwaloni mmoja unaweza kukushika toka asubuhi mpaka saa kumi jioni, na muda mwingi hata husimami kwenye tawi, unaning'inia, uzito wako wote uko kwenye mikanda, kwa hiyo hanesi mbaya utaijua kabla ya saa ya chai.

Haya ngoja niisogeze kamera. Huu mpana ndo mkanda wa kiunoni, ila tunasema tu kiunoni, kwa ukweli unatakiwa ukae juu ya mifupa ya nyonga, hapa, mnaona ninapobonyeza? Ukiwa umelegea, ukining'inia tu unapanda mpaka kwenye mbavu, unakosa hata pumzi. Hivi viwili ni vitanzi vya mapajani. Hizi ringi za pembeni ni za lanyadi, ile kamba fupi unayozungusha kwenye shina ukitaka kutulia ukate. Na hii kamba ya mbele inayotoka nyonga hii mpaka hii tunaita briji, ringi inayoshika kamba ya kupandia inateleza humu, ndo maana nikigeuka kushoto au kulia hanesi hainikokoti.

Sasa watu wengi wakienda dukani wanabonyeza sponji kwa kidole, ooh hii laini, naichukua. Jamani sponji siyo godoro! Sponji nene ikikunja kona inakukata vilevile, na jua likitoka inakuchemsha. Mimi naangalia upana wa mkanda na uzito unaenda wapi. Vaa, funga kila kitu, kisha ning'inia. Maduka mengi ya vifaa vya miti huku yana kamba ya kujaribia, waombe, hawakatai, na usining'inie dakika mbili ukashuka ukasema poa, kaa robo saa mpaka ishirini, piga stori na muuzaji, egemea nyuma, jikunje, nyoosha mkono kama unafikia tawi la mbali. Miguu ikianza kufa ganzi, vitanzi vinabana vibaya. Nyonga zikiwaka moto pembeni, mkanda ni mwembamba au saizi siyo yako. Na wanaume mnanielewa, angalia na maeneo yetu yale, vitanzi vikikaa ndani sana utashuka na sauti ya kike.

Nenda na nguo zako za kazi. Hii watu wanasahau, suruali ya chenso, yaani ya kuvalia ukitumia msumeno wa mashine, ni nene, ina nyuzi ndani za kukwamisha mnyororo, na baridi ikija unaongeza koti, sasa wewe umejaribu hanesi na jinzi mwezi wa saba halafu Desemba mkanda haufiki. Saizi zenyewe kila kampuni na mambo yake, Petzl wa Ufaransa wana 0, 1 na 2, wengine wana S, M, L, kwa hiyo usiagize kwa sababu jamaa yako anavaa namba 1, chukua futi ya fundi cherehani ujipime kiuno na mapaja.

Ubishi mkubwa kazini kwetu ni huu: vitanzi vya mapajani au kibao cha kukalia? Kibao unakikalia kama bembea, kwa kazi ya kukaa sehemu moja muda mrefu ni raha tupu, wazee wengi wa kazi hawataki kusikia kingine. Ila ukitaka kutembea juu ya tawi au kupita katikati ya matawi kile kibao kinakugonga nyuma ya mapaja kila hatua. Mi ni mtu wa vitanzi, nazunguka sana. Mtu anayebomoa miti kwa njumu za chuma, zile za kuvaa miguuni zinazochoma shina, anaegemea lanyadi saa nzima akishusha shina vipande vipande, yeye aangalie zaidi mgongo mpana na ringi za pembeni zilizoungana vizuri na vitanzi, maana lanyadi ikivuta mkanda wa kiuno peke yake inakukamua nyonga kama chungwa.

Na usining'inie bila vifaa vyako! Chenso ndogo ya juu ya mti ni kilo tatu na ushee kabla hujaijaza mafuta, weka msumeno wa mkono, karabina (zile kulabu za kufungia kamba), kamba, boksi ya huduma ya kwanza, vyote vinavuta nyonga. Sisi wembamba hanesi inateleza kushuka, hapo ongeza mikanda ya mabegani.

Kitu kingine, Uingereza sasa hivi utaratibu ni kupanda na kamba mbili, moja ya kazi na moja ya akiba. Kwa hiyo ukinunua leo angalia kama inakubali briji mbili, la sivyo kamba zote mbili zinabanana kwenye ringi moja, unapoteza muda unatatua mafundo. Na briji ikilika ibadilishe mapema, ni kamba tu, haigharimu kama hanesi nzima.

Bei? Nzuri inaanzia kama pauni 300 hivi na inapanda. Inauma, lakini hii ndo ofisi yangu. Na hata iwe tamu vipi usining'inie kama gunia, chezesha miguu, kwa sababu mtu akining'inia bila kutikisika damu inabaki chini miguuni na anaweza kuzimia, ndo maana hatupandi mpaka kuwe na mwenzako chini anayejua kukufuata juu akuokoe.

Sasa wale mnaoniambia kaka tutumie mtumba. Sikatai ila nisikilizeni. Mtumba wa shati hauna shida, mtumba wa hanesi hujui kama uliwahi kudaka mtu aliyeanguka, hujui kama ulimwagikiwa tindikali ya betri, nyuzi zinaweza kuwa zimekufa ndani na nje panang'aa. Huku kifaa cha kubeba mtu kinakaguliwa na mtu mwenye ujuzi kila miezi 6, ni sheria, inaitwa LOLER, na kuna karatasi. Mwombe muuzaji hiyo karatasi. Halafu geuza mkanda, ndani kuna bandiko, hili hapa, lina namba na tarehe ya kutengenezwa, Petzl wanasema vitu vyao vya nyuzi na plastiki mwisho miaka 10 hata kama umevitunza kabatini. Akikwambia bandiko lilitoka lenyewe, mrudishie hanesi yake.